Vema Kumi na Nne

...na bado anacheka, huyu muuzaji, meno yote nje, eti bi mkubwa kunywa chai inapoa, chai ipi, kikombe nimekishika kwa viganja viwili ili kisigongane na kisahani, na mwanangu kainamia kile kitabu cha ukaguzi mezani, kidole hakijaondoka pale kiliposimama, ukurasa wa kwanza, chini, penye muhuri, Mama, anasema, njoo uone, hii si sahihi ya baba? na mimi nimesema ee, ee tu, kama kuku aliyemeza punje kubwa kuliko koo lake, kwa sababu nimeiona tangu alipofungua, kutoka hapa kwenye kochi, bila miwani, mtu hausahau mkono wake... ndiyo, mkono wangu, si wa marehemu mume wangu, sahihi ya marehemu mkia wake ulikuwa unalala, wangu unapinda juu kama ndoano kwa sababu kalamu niliizoea kwa kuchora maua ya foronya kabla ya kuyadarizi, darasa la nne na sindano, ndiyo elimu yangu yote, na ikatosha kukagua magari ya mji mzima... Kumbe! anasema muuzaji, mkaguzi yule ndiye mzee wako, dada? basi gari hili lina baraka, yule tulikuwa tunamwita Mzee Nyundo, ukimpelekea gari bovu utalisukuma mpaka kwako, na mwanangu anacheka huku macho yamelowa, anasema, Nyumbani ndiyo usiseme, alikuwa anakagua hata bawaba za kabati! na wote wawili wananitazama ili nami nicheke, nacheka, mzee Nyundo, kweli alikuwa na kanyundo kake, anagonga fremu, anatega sikio, ananiambia chuma kizima kinaimba, mke wangu, chuma kilichoungwa kinakohoa, na hakula cha mtu hata siku moja, hilo nitalisema mpaka kaburini, lakini macho... macho yalianza kuingia ukungu, kwanza akasema ni vumbi, kisha akasema ni jua, nikamwambia nenda hospitali, akasema nikienda hospitali ofisi itajua, na ofisi ikijua nitakaa nyumbani kuchunga kuku wako, basi akawa anakagua kwa kugonga na kupapasa, na Jumamosi baada ya chakula cha mchana anatoa vitabu kwenye mfuko tunavijaza mezani, mimi nauliza breki? anasema piga vema, usukani? vema, fremu ya hili la kijani? ngoja, hilo lilikohoa, piga kosa, na tuliifanya kazi hiyo vizuri tu, mke na mume, mpaka akaanza kusinzia katikati na mimi kumwonea huruma kumwamsha, nikawa nauliza moja naandika tatu... halafu ile Jumamosi jirani akaingia na habari ya mke wa fundi cherehani, aliyehama na godoro akamwachia mume chaga, habari tamu jamani, nani angeinyamazisha, sikio liko kwa jirani na mkono unashuka peke yake, vema vema vema, visanduku kumi na vinne kila kitabu, sahihi yake kwa mkono wangu, muhuri pa, lete kingine, ehe, na mume akalala wapi? muhuri pa... na siku ya tisa lori la mawe, mojawapo ya vile vitabu vya Jumamosi ile, likarudi nyuma kwenye mteremko, likamuua dereva na mwanamke aliyekuwa anapita zake na ndoo. Marehemu alikifuata kitabu cha lori ofisini, wakamwona amekileta karibu na pua, alirudi nyumbani akanawa mikono mpaka viwikoni, akauondoa muhuri mezani, mwezi uleule akaomba kustaafu, wakampa saa ya ukutani, na hakuniuliza, miaka sita tuliyoishi baada ya hapo hakuniuliza, na mimi ninayejua nani kamzalia nani mji huu wote, hilo moja nimelilalia bila kumwambia hata jirani... Fremu vema, mwanangu anasoma sasa kwa sauti, kama mtoto aliyeshika namba moja, springi vema, tela vema, anageuza, mwaka unaofuata, fremu vema, springi vema, tela vema, miaka saba, Mama, gari la porini halijakataliwa hata mara moja! na mimi natazama dirishani, gari lenyewe limetupa mgongo, taka usitake unaliona lote, matairi makubwa, tope la zamani, na nyuma hakuna hata ndoano ya kufungia kamba, gari hili halijawahi kuvuta tela tangu lizaliwe, nilikipiga vema kisanduku cha tela Jumamosi ileile kwa sababu kilikuwepo, na wakaguzi sita baada yangu wamelikuta tela zima, zima, zima... marehemu alikuwa akisema mkaguzi mvivu hakagui gari, anakagua ukurasa wa mwaka jana, basi hakuna aliyeinama, miaka saba hakuna aliyeinama, kitabu chote kimesimama juu ya godoro la mke wa fundi cherehani, na huenda chini ni zima, huenda limekatika, ndilo linalonikaba, sijui, anayejua ni chuma chenyewe... Nilikuwa nimemwambia fundi aje saa nane alale chini aliangalie, mwanangu anamwambia muuzaji, lakini kwa sahihi hii, fundi wa nini tena? na muuzaji, Aje amkosoe marehemu? haya, kalamu hiyo dada, na mwanangu anafungua kalamu kwa meno, mkunga mzima, wiki ijayo anahamia ng'ambo ya milima, zahanati moja, barabara ya kokoto inayoteremka kama ukuta, na gari hili ndilo litakaloshusha wenye uchungu, matumbo mbele, ndugu wawili nyuma wameshikilia... nimesema, nimejaribu, nimesema mwanangu mngoje fundi, naye, Mama nawe, humwamini mumeo? na muuzaji akapiga paja, hapo bi mkubwa umepatikana! sasa niseme nini, niseme nimeota, niseme tumbo linaniuma, uongo ninao wa kutosha kufunga mizigo, ningeweza hata kumzulia muuzaji kwamba mkewe kaniambia jambo, na fundi angekuja, na kitabu kingerudi kwenye droo na vema zake kumi na nne zikamngoje mtoto wa mtu mwingine... na huyu wangu angeendelea kuniambia, kama anavyoniambia kila siku, Mama, mimi siandiki kwenye kadi ya mzazi jambo ambalo sijaliona kwa macho yangu, nimefunzwa na baba. Nimfiche kwa ajili ya baba yake, ndivyo nilivyojiambia miaka yote, heshima ya marehemu, lo, heshima ya marehemu, marehemu hajambo huko aliko, ninayefichwa ni mimi, na yeye alinificha vilevile, alinawa mikono akanifunika nayo... simu iko sikioni mwake, anampigia fundi asije, inaita, fundi hajapokea, kalamu imefunguliwa na bado haijagusa karatasi, muuzaji anatafuta miwani yake, chai imepoa, mwanangu ananikonyeza kama baba yake alivyokuwa akinikonyeza, na mimi naweka kikombe chini, kinagonga kisahani, acha kigonge, ulimi huu umesema ya wote ila ya mwenyewe, na kabla sijaufungua nimeshajua, nikisema tu kwamba sahihi hiyo ni yangu baba yake atakufa tena machoni pake, nitakuwa mjane mara ya pili, na safari hii aliyeua ni mimi, na nitasema...