Shimo la Nau Nukuriaki

Kimbunga kilipopita, Nau Nukuriaki hakulia. Migomba ililala chini na mishelisheli ilibaki vigogo, lakini shimo lake nyuma ya nyumba lilikuwa salama, na ndani yake masi: mashelisheli yaliyochachushwa tangu enzi za mama mkwe wake, na mama mkwe wa huyo mama mkwe. Mapya huongezwa juu ya ya zamani, na ya zamani ndiyo huyachachusha mapya. Ukoo mzima ungekula hapo mpaka viazi vikuu vikomae.

Meli ya msaada ikaleta mchele. Sasa mgeni aliyekuletea chakula, utampa nini? Mke wa mwanawe, Nau Farekofe, maana kwetu kila mwanamke aliyeolewa huitwa Nau, akamvuta pembeni.

"Mama, wape madafu tu. Watu wa mji mkuu hao, wa Honiara, pua zao hazijazoea."

"Wakatutangaze huko kwamba sisi wachoyo? Ala!"

Akafukua, akachota ya chini kabisa, ile ya wazee, akaioka kwenye majani na kuwaandalia.

Bwana afya aliyekuja na meli akaziba pua. Alikuwa kijana mpole, na upole wenyewe ndio uliotumaliza.

"Mama, hiki kimeoza. Watoto wanaharisha hapa. Ngoja tukusaidie."

"Hakijaoza, mwanangu. Ndivyo kilivyo."

"Najua unakipenda, mama. Pole."

Angeweza kumtimua. Lakini magunia ya kijana yule yalikwishapangwa barazani kwake, na kwetu humtimui mtu ambaye chakula chake umekipokea. Akasimama akiwatazama wakimwaga chokaa shimoni, kisha udongo. Walipomaliza walimshukuru. Naye, jamani, akaitikia asanteni! Hilo linaniuma mpaka leo.

Mchele uliisha viazi vikuu vikiwa bado vidogo kama vidole.

"Meli itarudi, mama," alisema Nau Farekofe. "Si walisema?"

"Walisema lini?"

Nau Farekofe akainama kupuliza moto, ingawa sufuria haikuwa na kitu.

"Na hata mishelisheli ikizaa tena," alisema Nau Nukuriaki, "nitachachushia nini?"

Ndani, mjukuu alikuwa analilia chakula. Nau Nukuriaki akaenda nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akachimba kwa mikono mpaka akaifikia chokaa, akaipita, akachimba tena mpaka kwenye masi. Kisha akavileta vidole puani. Havikunuka chochote.