Tofali Lililokuwa Chini

Kanisani walipotangaziwa habari ya plasta, watu walipiga vigelegele. Bibi Serafina peke yake aliikamata rozari yake kama kuku anayetaka kumponyoka.

Habari yenyewe ilikuwa njema. Miaka hiyo wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuruhusiwa kupandisha malori yao milimani kununua kahawa kwa bei nzuri, na waumini wa Kitura wakasema kanisa nalo lipate nguo mpya. Walilijenga wazazi wao pamoja na bruda mmoja Mjerumani: matofali ya kuchoma, milango ya upinde, na kuta nene hata mtoto angeweza kujilaza dirishani akasinzia misa nzima. Sasa nje yote ingepigwa saruji, ing'ae.

Na tofali la mama je?

Mama yake, Ida, alikuwa mtu wa Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, aliyeolewa huku milimani. Alifyatua matofali ya kanisa hilo huku Serafina, mtoto wake wa kwanza, akiwa mgongoni. Baadaye, kila wakipukuchua mahindi, Ida alikuwa akisema, "Letu liko palepale kanisani, nililitia alama. Kitendawili!"

"Tega!"

"Niko chini, kunifikia sharti upande."

Serafina alikuwa akikisia mpaka achoke. Mwisho anatoa mji, kama ilivyo ada ya mtu aliyeshindwa.

"Haya, chukua Songea."

"Songea nikafanye nini? Sitaki."

"Chukua Mbamba Bay."

"Nilishapakinai pale. Toa mwingine."

Walicheka, mahindi yakaisha, na jibu likabaki tumboni mwa Ida. Akaja kwenda Lipingo kuwaona ndugu zake, homa ikamkuta huko, wakamzika huko. Miaka mingi baadaye ziwa likafurika, likayameza makaburi ya ufukweni, na la Ida likiwamo. Picha hakuwahi kupigwa. Kilichobaki duniani kilichoguswa na mkono wake ni hilo tofali, na Serafina alikuwa amelitafuta hadi akawa na wajukuu. Chini, mama alisema chini. Basi alichunguza safu za chini kuta zote, akakwangua kuvu, na safari moja alifukua msingi hadi mtunza kanisa akamfukuza na jembe lake.

Sasa fundi Tadei na wenzake walikuwa wamemaliza kuta tatu. Ulikuwa umebaki mmoja, na jukwaa la miti lilikwisha kufungwa. Asubuhi hiyo Serafina alikuwa amepiga magoti kwenye majani yenye umande, akisugua safu ya mwisho kwa gunzi la mahindi, wakati Yuliana, muuza samaki, alipotua kapu lake la usipa mkavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wiki hii umetutupa."

"Chini kulichafuka, bibi. Mawimbi kama nyumba. Ninyi watu wa juu mnadhani usipa huchumwa kwenye mibuni?"

Serafina hakucheka. Gunzi lilisimama ukutani.

"Umesema wapi kulichafuka?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Ah, bibi! Chini kwetu, Nyasa. Kuna chini nyingine?"

Neno hilo Serafina alilisema kila siku ya gulio. Usipa wa chini, mchele wa chini, ameolewa chini. Mama yake mwenyewe alikuwa mtu wa chini! Akainuka polepole, mkono kiunoni, akautazama ukuta ule unaoelekea kule barabara inakoteremka kwenda ziwani.

"Fundi! Huu ukuta mnauitaje?"

"Wa chini, bibi," Tadei alijibu kutoka juu ya jukwaa, mwiko mkononi. "Wa juu tumemaliza jana."

Serafina akavua kandambili. Zilimsumbua siku zote kwa sababu ya kile kidole chake kidogo cha mguu wa kulia, kilichozaliwa kimempanda jirani yake. Akakamata ngazi.

"Bibi! Ukianguka nitamwambia nini padre?"

"Mwambie nimekwenda mbinguni, nimepitia njia ya mkato. Nishike mkono, usisimame kama mnara!"

Yuliana akashika ngazi huku akicheka na kuomba Mungu kwa pamoja. Serafina akafika, akapita akipapasa ukuta, mpaka karibu kabisa na paa. Hapo, kati ya matofali yote yaliyolala, lilikuwapo moja ambalo bruda alilisimamisha kwa ubavu, uso wake mpana ukatazama nje, mahali ambapo mvua haifiki.

"Hilo nimeliona tangu asubuhi," Tadei alisema. "Nikadhani nyani alilikanyaga likiwa bichi."

Ulikuwa unyayo wa mtoto mchanga. Pembeni yake vidole vitatu vya mtu mzima vilikuwa vimezama kwenye udongo, pale mkono ulipokishika kisigino kisicheze. Na kidole kidogo cha unyayo ule kilikuwa kimempanda jirani yake.

Serafina aliutazama mguu wake, akalitazama tofali. Kumbe "letu" lilikuwa letu kweli, la watu wawili. Akaingiza vidole vyake vitatu kwenye vile vishimo. Vilienea.

"Nyani ni mimi, fundi," alisema, machozi yakimfika kidevuni.

Tadei akageuza mwiko, kwa ncha yake akachora mraba kulizunguka tofali. "Hapa plasta haigusi. Padre akiuliza?"

"Ataniuliza mimi, na nitampandisha aone. Asante, baba. Asante sana." Akainama kidogo. "Na wewe Yuliana, Mungu akubariki na chini yako hiyo!"

"Sasa usipa utanunua, bibi?"

"Kapu zima!"

Kabla hajateremka, aliliegemea tofali kwa shavu. Kitendawili alikuwa amekitegua mwenyewe, hakudaiwa tena mji. Akautoa hivyo hivyo.

"Mama," alinong'ona, "chukua Lipingo."

Mji huo Ida hakuwahi kuukataa.