Wasindikizaji Wasikae

Usiku wa kuamkia leo niliota tunamsindikiza kaka yangu Hemedi uwanja wa ndege, anakwenda Maskati kazini. Kama kawaida yetu, anasafiri mmoja, gari limejaa. Shangazi Mize amepakata sufuria la pilau. Mama, ambaye kwa kweli hajanyanyuka kitandani tangu mfungo uishe, amekaa mbele na kanga mpya, mzima kabisa. Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai pale anapopaswa.

Tukaelekezwa maegesho ya mbali. Yalikuwa mbali kweli: uwanja wenyewe hauonekani, na ndege zinasikika zikipita chini ya ardhi. Ni adhuhuri, jua la utosi, na magari yamepangwa mpaka macho yanachoka. Kila gari lina jozi moja ya viatu juu ya kiti cha mbele.

"Mmekuja na wasafiri wangapi?" kikauliza kizuizi cha getini.

"Mmoja tu," nikajibu. "Sisi wengine wasindikizaji."

"Wasindikizaji wapande basini wakitaka, ila wasikae. Anayekaa anasafiri."

"Tumesikia, baba," akasema Shangazi Mize, akakipa mnofu wa nyama. Kizuizi kikatafuna, kikameza, kikainuka.

Basi dogo likaja bila dereva, likasimama mbele yetu. Tukapanda wote, maana kwetu mtu haagwi kwa mbali. Mimi nikasimama. Shangazi akasimama na sufuria lake. Mama akampangia Hemedi mabegi, akamsomea dua, akampulizia kichwani. Kisha akashusha pumzi, akakaa apumzishe miguu.

Mlango ukafungwa. Tukawa tumeshaondoka.

"Huyu hasafiri," nikaliambia basi.

"Amekaa."

"Ni mgonjwa."

"Ndiyo maana tuna viti."

Nje, maegesho yakawa mtaa wetu, milango yote imefungwa. Yakawa wodi niliyomuuguzia Mama mwaka jana. Yakawa weupe mtupu. Hemedi anakula pilau, haoni lolote. Nikauliza msafiri anateremshwaje.

"Hateremshwi," basi likasema. "Anateremka mwenyewe, akiwa kasahau kitu garini."

Nikamwinamia Mama. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko siku yoyote tangu augue, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mama, umesahau miwani yako garini."

Akanitazama. Miwani yenyewe ilikuwa imening'inia kifuani pake, naiona, na yeye anaona kwamba naiona. Akaifunika kwa kanga, akainuka polepole.

"Haya, twende tukaitafute."

Mlango ukafunguka. Tukashuka kwenye ule weupe, nimemshika mkono, basi likaenda zake na Hemedi.

Nikaamka kumeshakucha. Nilikwenda mbio chumbani kwa Mama, hata kanga sijaifunga vizuri. Alikuwa macho, anapumua kwa tabu ileile ya kila siku, na mimi nikafurahi kuisikia. Nikamwinulia mto, nikamnywesha maji. Akameza funda moja, akanishika mkono.

"Mwajabu, mwanangu," akasema, "miwani nilikuwa nayo. Nimeshuka kwa kukuonea huruma tu. Siku nyingine ukiniona nimekaa, niache."