Korosho ya Gramu Kumi na Mbili

"Inatangazwa kwa wanafunzi wote wa kidato cha nne kwamba ufagio wa maabara ya fizikia, wenye mpini wa kijani, umehamishiwa ofisi ya taaluma kuanzia leo, tarehe 6 Oktoba. Atakayeuhitaji auombe kwa maandishi."

Tangazo hilo lilikuwa na mihuri miwili. Chini yake lilibandikwa jingine, lisilo na muhuri hata mmoja. Kamati ya mitihani ya umoja wa shule kumi na moja ilikuwa imeridhika kwamba mtihani wa majaribio wa fizikia ulikuwa mgumu kupita kiasi. Kwa hiyo kila mtahiniwa angeongezewa pengo lililopo kati ya alama ya juu kabisa na mia moja. Atakayefikisha thelathini baada ya nyongeza angeingia kambi ya marudio ya wiki tatu, katika shule yenye maabara kamili na walimu wanne wa fizikia. Alama ya juu kabisa ilikuwa 94. Iliyofuata ilikuwa 58.

Somoe alisimama nyuma ya wenzake, ingawa hakuwa na haja ya kusoma. Siku moja kabla, Mwalimu Yustina alikuwa amemfunulia karatasi yake, yenye tisini na nne ya wino mwekundu, akamwambia afunge mdomo mpaka majina yatoke.

"Sita!" alisema Zaheer. Baba yake alikuwa na duka Mikindani, na hesabu ya kutoa haikuwahi kumpiga chenga. "Tumeongezewa sita, jamani. Bila huyo mchawi tungepata arobaini na mbili."

"Atakuwa wa shule za bweni," mtu alisema.

"Awe wa popote. Mungu amjalie mafua siku ya mtihani wa taifa."

Walicheka wote, isipokuwa Somoe na Farida. Farida alikuwa na ishirini na moja. Ishirini na moja na sita ni ishirini na saba, na hakuna namna ya kuzijumlisha ikawa thelathini. Alitaka chuo cha utabibu, na chuo cha utabibu hakimpokei aliyefeli fizikia. Shule yao haikuwa na mwalimu wa somo hilo mpaka Aprili, alipofika Mwalimu Yustina. Kambi ndiyo iliyokuwa nafasi yake ya mwisho. Somoe alikaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Mjomba wake Somoe, fundi wa mitambo ya gesi kule Madimba, alikuwa amemwachia vitabu vitatu vya fizikia. Kimoja ndicho alichomwazima Farida. Viwili vilibaki chini ya kitanda, nyumbani kwa shangazi yake, mtaa wa Rahaleo.

Alasiri hiyo, maabarani, Farida alinyoosha mkono.

"Mwalimu, si kamati ndiyo inayopanga alama? Kila mwaka wachache juu, wachache chini, wengine wote tunarundikwa katikati. Haiwezi kuwa hivyo hivyo tu."

Mwalimu Yustina hakuwa mtu wa kubishana pasipo mizani. Alimgeukia Somoe. "Ule mfuko wa korosho uliotoka nao Mahurunga bado upo?"

Ulikuwepo. Zilikuwa korosho ghafi za mavuno ya kwanza, za shamba la baba yake, zikiwa na maganda yake ya kijivu. Mwalimu aliagiza zihesabiwe mia tatu bila kuchagua, kila moja ipimwe, kisha ipangwe sakafuni kwenye safu ya uzito wake, kuanzia gramu tatu kwenda mbele. Sakafu ilikuwa na vumbi. Ufagio ulihitaji barua. Zaheer alifagia kwa jalada la daftari.

Kazi ilichukua saa mbili. Mwanzoni korosho zilikaa ovyo, moja huku, mbili kule, na Zaheer akatangaza kwamba fizikia imeshindwa. Zilipofika mia, safu za katikati zilianza kurefuka. Zilipofika mia mbili, hakuna aliyekuwa akitania. Zilipokaribia mia tatu, kilima kilikuwa kimelala sakafuni, kikipanda taratibu kutoka kushoto, kikijaa katikati, kikishuka kulia kama kilivyopanda. Hakuna mkono uliokichora. Mikorosho ile haikuwa na kamati, haikufanya kikao, wala korosho moja haikujua uzito wa jirani yake; hata hivyo kila moja ilikuwa imekwenda mahali pake. Somoe aliyajua maelezo yake, ukurasa na mstari, katika kimojawapo cha vile vitabu viwili. Maelezo hayakumsaidia. Nywele za mikono zilimsimama.

"Nani kazipanga?" Farida aliuliza, kwa sauti ya mtu aliye msikitini.

"Wewe umeziweka," Mwalimu alisema. "Kuzipanga, hakuna."

Ilibaki moja. Mizani ilisoma gramu kumi na mbili. Farida aliiweka kwenye safu yake, mbali upande wa kulia, safu tatu tupu zikiitenga na kilima.

"Huyo hapo mchawi wetu," alisema Zaheer. "Tumchome tumle."

Farida aliishika tena, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Iache. Imekosa nini? Imekua tu."

Somoe aliona hawezi tena kukaa kimya.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Tisini na nne."

Zaheer aliinuka kutoka sakafuni. "Dada, yale mafua nayafuta."

Farida alimtazama rafiki yake kwa muda mrefu, kama alivyokuwa amekitazama kilima.

"Vile vitabu vingine viwili unavyo bado?"

"Viko kwa shangazi."

"Kesho uje navyo."

Kisha akairudisha korosho kwenye mstari wake, palepale ilipokuwa.

Usiku Somoe aliandika barua kwa kamati, akiomba alama yake iwekwe kando katika kukokotoa nyongeza, ili wenzake wapate arobaini na mbili. Farida aliisoma asubuhi, akarekebisha tarehe, akasema haitajibiwa. Ilijibiwa baada ya siku nane, kwa mihuri miwili:

"Kamati imekubali ombi. Alama 94 imewekwa kando, na watahiniwa wote wameongezewa alama 42. Mwombaji, ambaye sasa ana 136, ataandikiwa 100, na salio litahifadhiwa ofisini. Kwa kuwa watahiniwa wote 612 sasa wamevuka thelathini, na kambi ina vitanda themanini, kamati imeamua kwamba uteuzi wa kambi utafuata alama za awali, kabla ya nyongeza."