Sentimita Kumi na Nane

Fundi cherehani alikuwa na binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa nchi ya mbali, mjamzito wa miezi minane, amepangiwa upasuaji Jumatatu. Tiketi ya ndege ya mama yake alishaituma. Kilichobaki ni kuithibitisha leo kabla ofisi ya tiketi haijafungwa, na hapo ndipo kaka yake fundi alipojifanya kisiki njiani.

Daktari wa miguu alikuwa amemwambia fundi wazi: kwa mishipa yake iliyovimba, asikae ndani ya ndege zaidi ya saa kumi. Kaka, karani mstaafu aliyezoea neno lake liwe la mwisho, aliisoma tiketi akahesabu kwa vidole.

"Kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa nne usiku. Saa kumi na nne. Haendi mtu hapa."

"Mwanangu anapasuliwa, kaka."

"Madaktari wapo huko. Wewe unakwenda kufanya nini?"

Swali hilo lilimchoma. Miaka thelathini ameinamia cherehani, na kila lilipokuja jambo la maana alimwachia kaka aseme. Aliolewa kwa neno lake, na hata mazishi ya mumewe yalipangwa bila yeye kuulizwa. Safari hii alipiga moyo konde, akavaa viatu, akatoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Kaka akamfuata huku akinung'unika.

Ofisi ya tiketi ilikuwa na ramani ya dunia iliyofunika ukuta. Kaka akainyooshea kidole. "Jionee mwenyewe. Huku mpaka kule. Ukuta mzima."

Fundi hakuitazama hata kidogo. Juu ya meza ya msichana mkata tiketi palikuwa na tufe la dunia lenye vumbi. Akavua futi shingoni.

"Mimi simshonei mtu suti kwa kupima picha yake," alisema. "Mwili ni mviringo, unapimwa kwa kuzungushiwa futi. Na dunia hivyo hivyo."

Alibana ncha kwenye mji wao, akaivuta ikapinda kuelekea juu mpaka alipokuwa mwanawe. "Kumi na nane."

Mkata tiketi alitabasamu. "Kila sentimita hapo ni kilomita mia nne na ushee, mama. Jumla ni kama elfu saba na mia sita. Ndege inatumia saa tisa."

"Tiketi inasema kumi na nne," kaka aling'ang'ania.

"Tiketi inaandika saa ya huku ukiondoka, na saa ya kule ukifika. Kule wametutangulia kwa saa tano, mzee."

Kaka alikohoa. Hakuwa mtu wa kukosa la kusema, akatafuta jingine. "Na ukizidiwa? Ukifia huko, nani atakuzika?"

"Atanizika mwanangu." Hakuishusha sauti. "Na nikwambie, kaka, hata zingekuwa kumi na nne ningekwenda. Nimepima ili wewe upate usingizi."

Akaisukuma pasipoti mezani. Mkata tiketi aliichukua, akaifungua, kisha kwa mazoea akamgeukia kaka. "Nithibitishe, mzee?"

"Niulize mimi," fundi alisema. "Mimi ndiye ninayesafiri."