Chapa ya Habibo

Ukitaka kumjua Mursal, anza na ng'ombe. Kabla hajawa mtembeza wageni alikuwa dalali, na kila kiangazi aliteremsha mifugo kutoka Sangailu hadi pwani ya Lamu. Sifa yake ilikuwa moja: hakuna chapa asiyoijua. Mwoneshe paja la ng'ombe, atakwambia ukoo. Mwoneshe sikio, atakwambia mwenyewe ni nani, ameolewa wapi na ananywesha kisima gani. Watu walimsifu kwa hilo, naye hakuwahi kumkatiza mtu anayemsifu.

Kisha vikaja vita vya Wasomali wa kaskazini kutaka kujitenga na Kenya. Njia za ng'ombe zikafungwa, udalali ukafa. Kufikia mwaka wa sitini na saba, wengi wa watu wake wa Sangailu walikuwa wamehamishiwa Kotile, ndani ya kijiji kilichozungushiwa seng'enge, na amri ilikuwa kwamba mfugo wowote utakaoonekana nje ya mpaka ni wa shifta, wale waasi, na wa shifta huchukuliwa. Mursal vita vilimkuta Lamu, akabaki hukohuko. Akakodi motaboti ya mtu, akaanza kutembeza wageni kando ya kisiwa cha Manda, saa mbili kwenda na kurudi, mgeni na watu wake tu.

Kasoro ilikuwa moja. Kuhusu Manda, Mursal hakujua kitu. Mtu wa nyika huyo, hata kuogelea hakuweza. Aliyowaambia wageni aliyaokota barazani, na pale palipokuwa na tundu alipaziba mwenyewe. Wageni wengi hawakujali, maana walikuja kupigwa na upepo.

Asubuhi moja, maji yakiwa yamejaa, walikuja bwana mmoja na mkewe, watu wa bara. Bwana alivaa kaptura na viatu vya raba, akasema yuko likizo. Likizo ya kazi gani hakusema, na Mursal hakuuliza. Mke alikuwa mwalimu, mwanamke mpole mwenye miwani, na upole wake ndio uliomwua Mursal. Alipowaambia kwamba magofu ya Takwa yana miaka elfu, mama yule alisema taratibu kwamba yeye alisoma ni mia nne hivi. Alipowaonesha kaburi lenye mnara akasema amelala sultani, bwana akataka kujua sultani gani. Mursal akataja jina la kwanza lililomjia mdomoni. Mke na mume wakatazamana, kisha wakatazama maji, mabega yakiwatikisika.

"Sasa wewe ndugu yangu," bwana akasema akicheka, wala hakusema kwa ubaya, "kitu gani unachokijua kweli?"

Mursal alicheka pamoja nao, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Aliwasha mashine kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaizungusha motaboti upande wa kaskazini wa kisiwa, ambako kwa kawaida hakuwapeleka wageni, kwa sababu hakuna cha kuona ila mikoko. Alitaka saa mbili zile ziishe.

Na pale mikoko ilipoachia nafasi, wakaona ng'ombe.

Walikuwa kama ishirini, wamesimama kwenye nyasi fupi karibu na dimbwi la maji ya mvua, wengine wamelala wakicheua. Mke wa bwana aliinuka kwa furaha. Ng'ombe kisiwani! Wamefikaje? Mursal akapunguza mashine. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliulizwa jambo ambalo jibu lake lilikuwa lake. Akawaeleza jinsi wachungaji wanavyongoja maji yakupwe, wakawavusha ng'ombe kwenye mkondo mwembamba unaotenga kisiwa na bara, wakitanguliza jike mzee asiyeogopa maji. Bwana akasikiliza. Mke naye akasikiliza. Hakuna aliyemsahihisha.

Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini ulimi hauna mfupa, na mtu aliyechekwa ana njaa mbaya kuliko ya chakula.

"Ni wa nani?" bwana akauliza.

Angeweza kusema ni wa watu wa kisiwani. Angeweza kusema hajui, maana kutojua kwake walikwisha kukuzoea. Badala yake alinyoosha kidole. Akawaambia watazame paja la kulia la yule mwekundu: mistari miwili inayokatana na nukta chini yake. Hiyo ni chapa ya ukoo mmoja wa Sangailu. Sasa watazame sikio. Mkato mmoja nyuma, mkato mmoja nchani. Huo si wa ukoo, huo ni wa mtu, mwanamke mjane anayeitwa Habibo, ambaye marehemu mumewe alimkatia sehemu yake akiwa hai, ndiyo maana sikio lina mikato miwili. Alisema yote hayo kwa pumzi moja, sauti yake ikiwa imenenepa.

Bwana akapiga mluzi mdogo wa kustaajabu. "Kumbe wewe ni profesa," akasema. Mke akapiga makofi. Mursal akavikwa kilemba cha ukoka, naye akakiweka sawa kichwani.

Habibo alikuwa dada yake.

Wala usidhani alisahau. Alimjua yule mwekundu tangu ndama. Kiangazi kimoja alimshika pembe mwenyewe wakati sikio linakatwa. Alijua, na alijua amri, na alijua kwamba mtu aliyewaleta ng'ombe hawa huku amewaficha. Lakini yote hayo aliyajua kama mtu anavyojua kwamba atakufa. Yaliyokuwa karibu naye ni yale makofi. Walipofika gatini ndipo bwana alipomwuliza tena, kwa upole, lile jina la yule mjane, na Mursal akaona mkono wa bwana ukiandika kwenye kitabu kidogo chenye nembo ya serikali. Bwana akamwandikia na yeye karatasi, akaitia sahihi, akasema aioneshe kwenye vizuizi apite salama popote atakapokwenda, maana watu waaminifu ni wachache siku hizi.

Siku ya tatu askari walivuka. Mursal aliwaona ng'ombe kutoka upande wa pili wa mkondo, wakiswagwa kurudi bara maji yakiwa bado hayajakupwa. Wawili walichukuliwa na maji. Yule mwekundu alitangulia, kama kawaida yake.

Wiki tatu hakulala vizuri. Kula alikula, lakini kila tonge lilipita kooni likimwuliza swali. Mwisho aliamua kwenda Kotile akaseme. Njia haikuwa ruhusa kwa Msomali bila cheti, na cheti alichokuwa nacho ni kile cha bwana. Kila kizuizi alichofika, askari walikisoma, wakampigia saluti ya mzaha na kumpisha. Ilimbidi ashushe macho kila mara. Mzigo wa aibu ni mzito, lakini kuubeba huku unapigiwa saluti, jamani, hilo ni jambo jingine.

Habibo alimlaki mlangoni mwa kibanda chake cha mikeka, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama alivyozoea tangu mama yao alipofariki na kumwachia Mursal, mtoto wa miaka minne. Alikuwa amekonda. Akamkalisha, akamletea chai. Ilikuwa ya turungi, nyeusi tititi. Mursal hakuwahi maishani mwake kunywa chai isiyo na maziwa nyumbani kwa dada yake. Habibo akaomba radhi kwa hilo, yeye mwenyewe, akasema akipata tone ataongeza.

"Umepataje ruhusa ya njia?" akamwuliza. "Hapa hata mgonjwa hapewi."

Mursal akasema ana mtu anayemjua. Habibo akamshukuru Mungu kwa mtu huyo.

Kisha akamsimulia. Nuh, mchungaji wake, ndiye aliyewavusha ng'ombe, na siku ile alikuwa mikokoni anakata fito. Aliona motaboti ikisimama, akamwona mtu mwenye kofia nyeupe akinyoosha kidole, paja kwanza, sikio baadaye. Uso hakuuona. Askari walipokuja alijitupa matopeni, akatembea siku tisa hadi Kotile. Wakati huo askari walikuwa wamekwisha kufika kijijini, wanamwulizia Habibo, mjane, kwa jina. Walimsimamisha juani kutwa nzima, wakitaka kujua mwanawe yupi ni shifta, na yeye hana mwana. Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Alichoweza kuwaambia ni neno moja, akalirudia mpaka koo likakauka: "Ng'ombe yangu nabeleka wabi?"

Hapo Mursal alitaka kusema. Alifungua kinywa. Kofia nyeupe ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa pamoja na kile cheti. Aliivua lorini bila kujiuliza kwa nini. Lakini mwadhini akaadhini alasiri, Habibo akainuka, na Mursal akaona afadhali aswali kwanza. Mwoga hakosi ibada ya kujifichia.

Baada ya swala watu hawakutawanyika. Mzee Alio, mtu mzima kuliko wote pale, alisimama na kusema kwamba jambo la ng'ombe wa mjane halijamalizika. Aliyesoma chapa ile si mtu wa kisiwani, wala si wa bara, maana hao chapa kwao ni kovu tu. Ni mmoja wetu. Na kwa kuwa hajulikani, na hakuna mahakama itakayomsikiliza mjane mwaka huu, atakabidhiwa kwa Mungu. Wote wakajua maana yake ni apizo. Apizo la wazee, kwa watu hawa, si maneno. Mtu huweza kuhama nchi kwa kulikimbia. Na ili lishike, kila aliyepo huinua mikono na kuitikia.

Mikono ikainuka. Ya Mursal nayo ikainuka. Angefanya nini? Kila mtu alikuwa anaona mikono ya kila mtu.

"Aliyefungua kinywa juu ya ng'ombe wa mjane," Mzee Alio akasema, "kinywa chake kisionje maziwa."

"Amin," watu wakasema, na Mursal akasema.

"Azae, na watoto wake wasimwite."

"Amin."

"Afe ugenini, na anayemwosha asijue jina lake."

"Amin." Aliisikia sauti yake ikiwa juu ya za wengine, safi, ile ile iliyonenepa kwenye motaboti. Jirani yake alimtazama kwa heshima, kama anavyotazamwa ndugu mwenye uchungu wa kweli. Mursal alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Kotile ni ngumu, haimmezi mtu kwa kutamani tu.

Upande wa wanawake, Habibo alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti. Hakuinua hata kidole.

Waliporudi kibandani Mursal alimwuliza kwa nini. Aliuliza akiangalia pembeni.

"Wanaojua sikio la ng'ombe wangu nawahesabu kwa vidole," Habibo akasema. "Kila mmoja wao amekunywa maziwa mikononi mwangu. Nikiitikia, ninamwapiza mtu niliyemlisha. Siwezi, hata akiwa amenifanyia hivi. Huenda alilazimishwa. Nani ajuaye wamemfanya nini?"

Alikuwa anamwongezea turungi. Mursal alitazama chai ikipanda kikombeni hadi nusu.

"Ni mimi, abaayo, dada yangu," akasema. "Mtu wa kwenye boti ni mimi."

Habibo aliweka birika chini. Alimsogelea, akamshika mkono, akaukunja mkono wa shati lake hadi kiwikoni, akatazama ngozi mbele na nyuma. Akaukunja na wa pili. Akainua kidevu chake, akatazama shingo. Mursal hakuelewa anatafuta nini, mpaka alipomsikia.

"Walikupiga wapi, walaal, ndugu yangu?"

Machozi yalikuwa yanamtoka dada mtu tayari, na yalikuwa ya kumlilia yeye. Mlango huo hapo, wazi kabisa. Angesema mgongoni. Angesema tumboni, pasipobaki alama. Angeaminiwa, angekumbatiwa, na kesho Mzee Alio mwenyewe angekuja kulitangua lile apizo.

"Hawakunipiga," akasema. "Walinicheka."

Habibo akamtazama, kwanza kama mtu ambaye hajasikia, kisha kama mtu aliyesikia. Akaishusha mikono ya shati, mmoja, halafu wa pili, akavifunga vifungo vyake polepole, kama alivyokuwa akimfunga alipokuwa mdogo. Alipomaliza akachukua kile kikombe mbele ya Mursal, akatoka nacho, akaimwaga chai mchangani, na bila kugeuka akamwambia kwamba lori la kurudi pwani hupita kabla ya jua kutua.