Kofia ya Rodrick

Nimeona wajinga wengi, lakini mjinga wa kufunga baiskeli kwa kamba kwenye nguzo ya geti, utadhani itakula majani ya watu, nilimwona Jumapili moja tu, hapa hapa kwangu Lemara. Alikuwa Rodrick, muuza mitumba wa Kwa Mrombo, na alikuja kumposa binti yangu Anande.

Alikuja peke yake. Hana mshenga, hana wazee, hana hata dumu moja la pombe ya mbege. Kichwani kavaa kofia pana, bila shaka ya kwenye marobota yake, na mdomoni anatafuna njiti ya kiberiti. Akasimama mlangoni, miguu kaipanua.

"Shikamoo, mzee," akasema, njiti ikichezacheza. "Nimekuja kumchukua Anande."

Mimi, Mchaga wa Machame, mzee wa kanisa, naambiwa hivyo sebuleni kwangu! Tena deki inazunguka na filamu yangu imefika patamu.

Filamu yenyewe niieleze, maana ndiyo iliyomponza. Ni ya makauboi. Niliiona mara ya kwanza ujanani, kwenye sinema ya mjini, nikarudi mara nne. Biashara ilipofunguliwa na vitu vya nje vikaanza kuingia, wenzangu walikimbilia sabuni za kunukia. Mimi niliagiza televisheni, deki, na kanda hiyo moja. Miaka mitatu sasa, kila Jumapili nikitoka ibadani naitazama. Kanda imechoka, mbingu zake zimekuwa za kijani, lakini mimi sijachoka.

"Ulidhani utanifurahisha na hiyo kofia?" nikamuuliza. "Haya, niambie. Filamu hii inapendeza mpaka leo kwa nini?"

Akatoa njiti mdomoni. "Risasi, mzee. Jamaa ana shabaha."

Risasi! Nilimdharau mpaka nikamwonea huruma. Mle ndani kuna risasi sita tu, na zote ziko mwishoni. Utamu wake ni kungoja. Wabaya watatu wanakuja, mji mzima umejifungia ndani, na yule bwana kakaa hotelini anakula maharage, taratibu, mpaka anafuta sahani kwa mkate. Najua watafika saa sita, nimeshaona mara mia, na bado ile sahani inanidundisha moyo. Vijana wa siku hizi wataelewa nini? Wao wanataka milio.

"Rudi kwenye marobota yako," nikamwambia. "Ukikua, leta wazee."

"Wazee walikuja, mzee," akasema polepole, akatoka.

Ni kweli walikuja, mara mbili, na mara zote mbili Jumapili. Niliwaketisha nikawaambia tutazungumza filamu ikiisha, kwa sababu siikatishi katikati kwa ajili ya mtu yeyote. Mara ya kwanza walisinzia. Mara ya pili mkubwa wao, mzee Aminieli, alisimama kabla sahani haijafutwa, akabeba dumu lake la mbege na kuondoka. Nilimcheka. Watu wasio na subira watanipa mkwe gani?

Anande akatoka jikoni na chakula changu. Ana miaka thelathini na moja, na tangu mama yake afariki ndiye anayenipikia.

"Baba, ni mimi niliyemwambia aje hivyo," akasema. "Wazee wake wameapa hawarudi hapa. Nilidhani akifanana na huyo wako, labda utamtazama."

"Kanichekesha tu."

"Farasi wa huyo bwana anaitwaje?"

"Jeremia," nikajibu upesi.

"Na yule mama mwenye hoteli? Anayempikia maharage?"

Miaka ishirini na mitano, na jina halikuja.

"Hana jina, baba. Mimi huisikiliza nikiwa jikoni. Hakuna anayemwita. Anapika, anaondoa vyombo, mwishoni anasimama mlangoni."

Akaniwekea sahani kwenye stuli, maharage kama kawaida ya Jumapili, akaenda kusimama mlangoni. Kule getini Rodrick alikuwa amechuchumaa. Fundo la kamba lilikuwa limemshinda. Risasi sita zikalia nyuma yangu, nami sikugeuka. Niliona aibu, aibu hasa, ya kuchoma masikio. Nikazima deki. Haijapata kuzimwa kabla Jeremia hajaondoka.

"Wewe!" nikaita. "Iache hiyo kamba. Vua kofia, uje ule. Halafu utanibeba kwenye hilo baiskeli lako mpaka kwa mzee Aminieli, nikamwombe radhi."

Anande alileta sahani mbili, ya Rodrick na yake mwenyewe, akaketi nasi. Yule mjinga alikula maharage haraka haraka, na sahani hakuifuta.